Marehemu Yuko Jikoni

Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa mtu wa habari wa okestra ya mji wetu. Kazi hiyo ukiisikia unaweza kudhani ni ya kuvaa vizuri na kupeana mikono. Ukweli ni kwamba ni kazi ya kuomba. Unaomba magazeti yaandike, unaomba redio zitaje, unaomba wapiga tarumbeta wasogeleane kidogo picha ipigwe, na wasikilizaji unawaomba wazime simu. Nilizoea kuomba mpaka nyumbani nikimwomba baba anisogezee chumvi huniambia, "Mama, hapa si kazini. Chukua tu."

Baba naishi naye. Ana miaka sabini na sita. Alifundisha muziki shule ya sekondari kwa miaka thelathini na minne, na hadi leo watu humwita Mwalimu, hata wale ambao hakuwahi kuwafundisha kitu. Sisi watoto wake wawili alitufundisha fidla. Mimi nilifika mahali nikakwama, naye akaniambia kwa upole kwamba dunia inahitaji pia watu wa kusikiliza. Mdogo wangu, ambaye nyumbani tunamwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba, hakukwama. Miaka tisa mfululizo baba alimwamsha saa kumi na moja alfajiri, Kitinda akapiga ngazi za sauti sebuleni, baba amesimama nyuma yake na kikombe cha chai, akimwinua kiwiko kila kiliposhuka. Baadaye vidole vya baba viliposhikwa na baridi yabisi, alimwachia Kitinda fidla yake mwenyewe, na Kitinda akaenda nayo ng'ambo kusoma. Siku hizi anapiga na okestra kubwa kubwa. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, alikuwa anakuja kupiga na sisi.

Ukumbi wetu una viti mia tisa. Wiki tatu kabla ya onyesho tulikuwa tumeuza tiketi mia mbili na kumi.

Hapo ndipo mkuu wa masoko alipoitisha kikao. Huyu alitujia mwaka jana akitokea kampuni ya sabuni, na ofisini tunamwita Bwana Hadithi, kwa sababu kila umpelekeacho hukisoma, hukiweka mezani, kisha huuliza, "Hadithi iko wapi?" Mpelekee ratiba ya mazoezi, hadithi iko wapi. Mpelekee barua ya fundi wa taa kuomba ngazi mpya, hadithi iko wapi. Siku hiyo nilimpelekea taarifa ya ukurasa mmoja kuhusu mdogo wangu. Aliisoma mara mbili.

"Dada yangu," alisema, "hii ni taarifa kwa magazeti au barua ya kuomba kazi?"

"Ni taarifa. Amezaliwa hapa, amefundishwa na baba yake, amesoma, anarudi nyumbani kupiga."

"Watu hawanunui fidla. Wananunua machozi. Huyo baba yupo?"

"Yupo. Ni baba yangu pia. Nimemwacha nyumbani anakunywa chai."

Alishusha pumzi kama mtu aliyefika kituoni akakuta treni imeondoka. "Haya. Niachie niifupishe."

Aliifupisha mara sita. Kila mara ilirudi kwangu neno moja limetoka na jingine limeingia. "Alifundishwa" ilitoka, "kipaji cha kuzaliwa" kikaingia. Nikarudisha ya kwangu, akaitoa tena. Nilimkumbusha wahenga walisema chema chajiuza. Akanijibu kwamba wahenga hawakuwa na viti mia tisa vya kujaza. Toleo la sita liliponifikia nilikuwa kwenye simu na wachapaji, ambao walikuwa wameweka picha ya kiongozi wa okestra miguu juu kichwa chini na wanaapa kwamba ndivyo tulivyoituma. Nikalipitisha macho juu juu, nikaandika "Sawa."

Kosa hilo ni langu na simsukumii mtu. Sentensi yangu ya mwanzo ilisema Kitinda anapiga fidla aliyoachiwa na baba yake baada ya vidole vya mzee kushikwa na baridi yabisi. Bwana Hadithi alikata vidole, akakata mzee, akakata baridi yabisi. Ikabaki hivi: "Akiwa na fidla aliyoachiwa na baba yake, alipiga peke yake, alfajiri baada ya alfajiri." Hata mimi ningeisoma hiyo bila kujua mambo ningesema Mungu amlaze mzee mahali pema.

Gazeti la kwanza likatoka Jumatano: "Atua nchini na fidla ya marehemu baba." La pili likatoka Alhamisi, nalo likaongeza kwamba msichana huyo yatima alijifundisha mwenyewe, bila mwalimu, tangu akiwa na miaka saba. Ijumaa asubuhi nikamsikia mtangazaji wa redio, sauti imelegea kwa huzuni, akisema mpiga fidla wetu hakuwahi hata kuijua sura ya baba yake. Katika siku tatu baba yangu alikuwa amekufa, akaoza, na akasahaulika.

Nilizima redio nikageuka. Baba alikuwa mlangoni na taulo begani.

"Endelea kusikiliza," alisema. "Labda watasema nimezikwa wapi."

Kumbe alikuwa anajua tangu jana yake. Mwanafunzi wake wa zamani alipiga simu ya nyumbani kutoa pole ya msiba. Baba akamuuliza msiba wa nani. Yule akasema, wa Mwalimu. Baba akamwambia, "Mwalimu ndiye mimi, nani mwenzangu?" Simu ikakatwa, na haikupigwa tena.

Jumamosi walikuja wawakilishi wawili wa chama cha walimu wastaafu, bwana mmoja mrefu na bibi mmoja mwenye daftari la rambirambi. Mimi nilikuwa bafuni. Nikasikia kengele ya mlango, nikasikia baba anafungua. Nilipotoka niliwakuta wamekaa kwenye ukingo wa makochi kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari, na baba anawamiminia chai.

"Sukari vijiko vingapi?" aliwauliza.

"Viwili," alisema yule bwana, bila kuondoa macho usoni mwa baba.

"Mimi nimekatazwa sukari. Nilikatazwa nikiwa hai, sijui sasa hivi."

Yule bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa karatasi ya daftari lake. Bwana hakucheka. Walipoondoka baba alikusanya vikombe, akaviosha mwenyewe, jambo ambalo hulifanya akiwa amekasirika. Nikamfuata jikoni kumwomba radhi. Nikaeleza habari ya sentensi, toleo la sita, picha iliyopinduliwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kufa sina neno nako," alisema. "Nimekula chumvi nyingi, mtu akiniwahisha wiki chache si kitu. Lakini wameandika alijifundisha mwenyewe. Nani alijifundisha mwenyewe, mama? Kile kiwiko kilijiinua chenyewe?"

Alifunga bomba, akaning'iniza taulo, akaenda kulala mchana.

Jumatatu nilifika ofisini mapema nikiwa na sahihisho nililoandika kwa mistari minne. Bwana Hadithi alikuwa amewahi kuliko mimi, na hilo halijawahi kutokea. Alikuwa ameegemea meza yangu, anatabasamu.

"Tiketi mia sita na arobaini," alisema. "Kwa siku nne."

"Baba yangu hajafa."

"Najua, na nafurahi kwa ajili yenu. Lakini sisi hatukuandika amekufa. Soma taarifa. Ni wao wameelewa hivyo."

"Basi tuwaambie wameelewa vibaya."

"Tutawaambia. Baada ya onyesho. Dada yangu, humchinji ng'ombe akiwa katikati ya kukamuliwa."

Nilipanda ghorofa ya tatu kwa Mama Mkurugenzi. Ni mwanamke wa heshima zake, alipiga zumari katika okestra hiyo hiyo kabla hajapewa ofisi, na nilidhani atanielewa. Alinielewa, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alinishika mkono, akasema ni jambo la kusikitisha sana, akasema anamheshimu Mwalimu kupita kiasi, kisha akasema miaka mitatu hatujawahi kujaza ukumbi na bodi inakutana mwezi ujao.

"Ni siku kumi tu," alisema. "Mzee hawezi kuvumilia siku kumi?"

"Kuvumilia kuwa maiti, Mama?"

"Usiliseme hivyo."

Nilishuka ngazi. Niliporudi mezani kwangu nikakuta bango jipya limeegemezwa ukutani, wino bado unanuka. Kitinda amefumba macho, fidla kidevuni, chozi shavuni. Picha ile naikumbuka, niliipiga mwenyewe kwa simu miaka miwili iliyopita, siku aliyokuwa na mafua makali. Chini yake wameandika kwa herufi za dhahabu: "Kwa Baba, popote ulipo."

Mabango hayo yakabandikwa kwenye vituo vya basi, benki, hospitali, na moja kwenye duka la dawa anakonunulia baba vidonge vyake vya presha. Muuza duka alimpa vidonge na punguzo la pole. Baba hakukataa punguzo.

Kitinda alishuka siku tano kabla ya onyesho. Nilimngoja uwanja wa ndege nikiwa nimepanga maneno, lakini kabla sijamkumbatia akanikazia macho.

"Dada, baba yuko wapi?"

"Nyumbani, anakusubiri."

"Mtu wa uhamiaji amenipa pole. Amesimama kabisa, amenipa pole. Nimempigia baba mara nane hapokei."

"Siku hizi hapokei simu. Amechoka kueleza."

Tuliingia kwenye gari nikamsimulia yote, na kadiri nilivyosimulia ndivyo yalivyozidi kusikika ya kipumbavu. Tulifika taa za barabarani za tatu. Kisha akasema, "Wewe ndiye mtu wa habari pale. Siyo yule wa sabuni. Wewe." Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Kesho yake, katika mazoezi, Bwana Hadithi alinivuta pembeni nyuma ya pazia. Alikuwa na ramani ya viti mkononi, na kiti kimoja amekizungushia kalamu nyekundu: ghorofa ya juu, safu ya mwisho, nyuma ya nguzo.

"Hiki ni cha mzee," alisema. "Aingie kwa mlango wa wahudumu, dakika tano kabla. Na asije na watu wanaomfahamu. Si kwa ubaya. Akionekana tu, tumekwisha."

Nilikitazama kiti kile. Nakifahamu. Ukikaa pale huoni jukwaa, unaona nguzo na nusu ya mpiga ngoma. Huwa hatukiuzi hata tukizidiwa. Na huyu alitaka kumweka hapo mtu aliyemfundisha mpiga fidla, afiche uso kama mwizi, ili watu wamlilie kwa raha zao.

Nadhani kuna mahali ambapo mtu huchoka mpaka hasira zenyewe zinachoka, na kinachobaki ni kufanya kazi tu. Nikarudi ofisini. Nikafungua orodha yangu ya wanahabari, majina arobaini na matatu niliyoyakusanya kwa miaka kumi na mmoja ya kuomba. Nikaandika: "Baba wa mpiga fidla wetu yupo hai na ana afya njema. Ni mwalimu mstaafu wa muziki. Ndiye aliyemfundisha binti yake kwa miaka tisa, na ndiye aliyempa fidla anayoipiga. Taarifa yetu ya awali iliandikwa vibaya, na aliyeiidhinisha ni mimi." Nikaweka jina langu na namba yangu ya simu. Sikumwonyesha mtu. Nikatuma, nikaenda kunywa maji.

Bwana Hadithi alijua baada ya dakika ishirini. Alikuja mezani kwangu uso umemvimba, akaniambia nimeiua okestra, nimeuza mkate wa watu themanini, na kwamba watu watarudisha tiketi. Mama Mkurugenzi alinipigia simu akaniuliza swali moja tu, kama nilikuwa nimefikiri. Nikamwambia ndiyo. Akakata.

Asubuhi magazeti yakatoka. La kwanza: "Baba wa mpiga fidla yu hai." La pili, lile lililomfanya Kitinda yatima, halikuomba radhi hata chembe. Liliandika: "Muujiza: baba aliyedhaniwa kafa aibuka." Ilipofika saa nne tiketi zote zilikuwa zimekwisha.

Saa nne na nusu Bwana Hadithi alikuja tena mezani kwangu. Safari hii aliniletea kahawa.

"Dada yangu," alisema kwa sauti ya chini, "hii ni kubwa kuliko ile ya kwanza. Sikiliza. Kipande kinakwisha. Watu wanapiga makofi. Taa zinazimwa. Inawaka moja tu, na mzee anatokea upande wa kushoto, taratibu. Binti anageuka. Anaangusha upinde."

"Upinde ule ukianguka unavunjika."

"Tutampa mwingine wa kuangusha."

Nilimtazama nikagundua kwamba hana ubaya moyoni, na hilo lilinichosha kupita ubaya wenyewe. Aliiona hadithi nzuri, basi. Kwamba ilikuwa imekwenda kinyume na ile ya jana hakuliona. Nikampa namba ya nyumbani nikamwambia amuulize mwenyewe. Baada ya siku nyingi za kutopokea, baba alipokea. Nilisikia sauti yake nikiwa nimesimama hatua mbili kutoka kwenye simu ya Bwana Hadithi.

"Kijana wangu, mimi nitakaa kwenye kiti. Nimesikia ukumbini kwenu kuna viti mia tisa."

Jioni ya onyesho alivaa suti yake ya kijivu, akakaa safu ya nne katikati, mimi kulia kwake. Watu waligeuka kumwangalia, wengine wakanyoosha simu wampige picha. Aliangalia mbele kama mtu aliye darasani na wanafunzi watundu nyuma. Kitinda alipotokea ukumbi ulisimama, na makofi yakawa marefu kuliko anavyostahili mtu ambaye bado hajapiga kitu. Nilimwona baba anakunja uso.

Kisha akapiga. Siwezi kusema mengi. Katika sehemu ya pili, ile ya taratibu, okestra inapunguza sauti na fidla inabaki juu peke yake kama mtu anayeongea chumbani asijue anasikika. Nilisahau ofisi, nikamsahau hata Bwana Hadithi. Baba alikuwa amefumba macho, na mkono wake wa kulia juu ya goti ulikuwa unasogea kidogo kidogo, kiwiko kimeinuliwa.

Makofi yalipokwisha wanahabari walimzunguka kwenye ukumbi wa nje. Alijisikiaje aliposoma kwamba amekufa? Alimwambia nini binti yake walipoonana? Alilia? Baba aliwangoja wanyamaze.

"Sehemu ya kwanza alikimbia mbele ya mapigo," alisema. "Siyo sana, lakini alikimbia. Sababu ni kifundo cha mkono. Mtazameni mtu anapopanda kwenye uzi wa juu, kifundo kikikakamaa, lazima akimbie."

Akaendelea hivyo dakika ishirini. Alieleza upinde, alieleza pumzi, alieleza kwa nini ngazi za sauti zipigwe tumbo likiwa tupu. Madaftari yakafungwa moja baada ya jingine. Mwisho akabaki mwanamama mmoja wa gazeti dogo la wilaya, aliyeandika kila neno, na hiyo ndiyo habari pekee ya onyesho lile ambayo baba aliikata akaiweka.

Nyumbani Kitinda alikataa katakata kwamba alikimbia. Walibishana mlo mzima, baba akipiga mapigo kwa kijiko, Kitinda mdomo umejaa chakula anasema hapana baba, hesabu vizuri, na mimi katikati yao hakuna aliyeniuliza maoni. Kitinda alipokuwa anafunga masanduku yake siku ya kuondoka alikuja chumbani kwangu, akakaa kitandani.

"Nilikusema vibaya kwenye gari," alisema.

"Ulisema kweli."

"Ilikuwa kweli, lakini niliisema vibaya." Akaniachia nguo zake mbili ambazo hazikuwa zinaingia sandukuni, na kwetu hiyo ni radhi tosha.

Mimi nilipewa barua. Ilisema nimetuma taarifa bila idhini, na kwamba kuanzia mwezi unaofuata nitahamia chumba cha nota, chini, kupanga karatasi za wapigaji kabla ya mazoezi. Nafasi yangu amepewa msichana aliyetoka chuoni, mwepesi, mwenye adabu, na kila siku saa tano hushuka ngazi kuniuliza afanye nini, maana Bwana Hadithi amemrudishia taarifa kwa mara ya nne. Namwambia asome kila toleo mpaka nukta ya mwisho, hata kama jengo linaungua.

Simu ya nyumbani nayo haijapoa. Walioipata namba kutoa pole sasa huitumia kuuliza kama Mwalimu bado anafundisha. Baba alikataa watu kumi na mmoja. Wa kumi na mbili alikuwa muuguzi wa miaka hamsini na mbili, ambaye hajawahi kushika fidla maisha yake yote. Baba alimwambia amechelewa sana, vidole vimeshakomaa, hatafika popote. Yule mama akamjibu kwamba hana mahali anapotaka kufika. Baba alitazama kalenda, kisha akamwambia aje Jumanne, na asichelewe.

Huja Jumanne na Ijumaa, akitoka zamu. Nimewahi kusikia milango mibovu na breki za malori, lakini sijasikia sauti kama anayoitoa yule mama kwenye uzi wa pili. Nimejaribu kufunga mlango wa jikoni. Nimejaribu kuwasha mashine ya kusagia matunda. Juzi nilimuuliza baba, kwa heshima zote, kama anaona dalili yoyote ya maendeleo.

"Bado," alisema, akirekebisha kiti katikati ya sebule. "Labda mwakani."